Nyumba ya Baba Imepata Joto



Kwa miaka 27 nilifanya kazi katika chumba cha boila cha kiwanda kimoja cha sukari, huko kwenye joto la kando ya Ziwa Victoria. Nilipofikisha miaka 55 nilichukua akiba yangu ya NSSF, nikaagana na wenzangu wa tawi letu la chama, nikapanda basi kurudi kwetu Kigezi. Mama watoto alikuwa ametangulia. Nilimkuta katika nyumba ya marehemu baba, pamoja na binti yetu na wajukuu watatu. Usiku wa kwanza nililala na koti.

Wenzangu wa nyanda za chini huenda wakacheka. Lakini waliozaliwa milimani wanajua. Mji wa Kabale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyouzunguka vinapita mita 2,000. Mwezi wa Juni na wa Julai mbingu huwa wazi usiku, na kabla ya alfajiri baridi inaweza kushuka hadi digrii 10 hivi. Mafuta ya kupikia katika chupa yaliganda kwenye rafu. Mjukuu wa mwisho alikuwa na kikohozi kisichoisha.

Ninaandika habari hii kwa sababu wengi wetu tutarudi siku moja katika nyumba kama ile, na wengine wanaishi sasa hivi katika nyumba za kambi zilizo baridi vilevile, kwenye mashamba ya chai. Yale niliyojifunza kwa jasho, na moja niliyojifunza kwa hofu kubwa, nataka mwenzangu ayapate bila gharama hiyo.

NYUMBA YENYEWE

Baba aliijenga nyumba hiyo kwa mshahara wa kukata miwa, kama walivyofanya vijana wengi wa Kigezi walioshuka kwenda kutafuta kazi enzi za Waingereza. Ina vyumba vinne. Kuta zake ni za fito na udongo, paa ni la mabati, na sakafu ilikuwa ya udongo mtupu. Mahali pake pamechongwa kwenye mteremko wa kilima, kama nyumba nyingi za kwetu.

Kwa miaka mingi udongo wa kilima ulikuwa umeporomoka kidogo kidogo na kuegemea ukuta wa nyuma hadi kimo cha kiuno. Ukuta huo ulikuwa na unyevu daima, na ukiugusa mkono unapoa. Kati ya vichwa vya kuta na mabati kulikuwa na nafasi ambayo mkono mzima ungepita. Hapakuwa na dari. Kila alfajiri mabati yalitoa jasho na kudondosha matone juu ya vitanda.

Mama watoto alikuwa na dawa yake, ile ya majirani wote. Jioni aliwasha sigiri ya makaa uani, akangoja moshi uishe, kisha akaiingiza chumbani kwa watoto.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kubomoa yote na kujenga nyumba mpya ya matofali ya kuchoma. Fundi mwashi alikuja, akapima, akapiga hesabu, akaniambia: "Mzee, hela hizi zitaishia kwenye linta. Utabaki na kuta zisizo na paa, na nyumba ya zamani utakuwa umeshaibomoa." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Wastaafu wangapi tunawajua ambao akiba yao imesimama ukutani, nyasi zinaota ndani?

SOMO LA BOILA

Nikakaa barazani nikafikiri juu ya kazi yangu ya zamani. Katika kiwanda cha sukari tunachoma makapi ya miwa ili kupata mvuke. Mvuke unasafiri katika mabomba hadi kwenye mitambo. Bomba likiwa tupu, joto linatoka njiani. Hata ukijaza makapi tanurini, mvuke unafika umechoka. Kwa hiyo mabomba hufunikwa. Kila fundi wa boila anajua kwamba joto linalotunzwa ni rahisi kuliko joto linalotengenezwa upya.

Nyumba ya baba ilikuwa bomba tupu. Joto lilikuwa linatoka kwa njia tatu. La kwanza lilipanda juu na kutoka kwenye mabati, kwa kuwa bati ni jembamba na usiku hupoa upesi chini ya mbingu iliyo wazi. La pili lilichukuliwa na upepo kwenye nyufa. La tatu lilinyonywa na ukuta na sakafu yenye maji, maana udongo mbichi hupitisha joto kuliko udongo mkavu, na maji yanapokauka huondoka na joto. Basi kazi yetu ikawa kuziba njia hizo tatu, tukianza na ile ambayo nyingine zote zinaitegemea.

KWANZA MAJI

Tulianza na maji, wala si moto. Hakuna faida ya kukandika ukuta unaonyonya maji kila siku.

Tulingoja kiangazi. Wenzetu wa chama cha machela, ambacho kwetu huitwa engozi na ambacho kazi yake ni kubeba wagonjwa hadi hospitali, walikuja na majembe kwa siku mbili. Tuliondoa udongo wote ulioegemea ukuta wa nyuma, tukaacha njia ya upana wa mita moja kati ya nyumba na kilima. Tulichimba vipande vifupi vifupi, wala hatukushuka chini ya msingi, kwa maana ukuta wa zamani ukinyang'anywa udongo wote kwa mara moja unaweza kuanguka. Katika njia hiyo tukachimba mtaro, tukaupanga mawe, ukapeleka maji ya kilima pembeni mwa nyumba hadi kwenye migomba.

Halafu tuliongeza upenu wa paa kwa mabati machache ili mvua isipige ukuta, tukafunga mfereji wa bati ukingoni na pipa chini yake. Baada ya miezi miwili ukuta wa nyuma ulibadilika rangi. Ulikuwa umekauka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu baba afariki.

SAKAFU NA KUTA

Katika vyumba viwili vya kulala tulichimba sakafu, tukapanga mawe kiasi cha sentimita 15, tukamwaga mchanga juu yake na kutandaza karatasi nzito ya nailoni ili unyevu usipande. Juu ya nailoni tukaweka zege la sentimita 7: sehemu 1 ya saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto. Vyumba vingine viwili tuliviacha na sakafu ya udongo, tukaushindilia na kuupaka upya, maana fedha zilikuwa na mwisho.

Kuhusu kuta, kijana mmoja alinishauri nipige lipu ya saruji ili nyumba ionekane ya kisasa. Fundi alikataa, na alikuwa na haki. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, kwa hiyo havitembei pamoja. Lipu hupasuka, maji huingia nyuma yake yasipate pa kutokea, na baada ya misimu michache huanguka pamoja na ngozi ya ukuta. Tulitumia udongo wa kichuguu, mchanga, nyasi zilizokatwa vipande vidogo na mavi ya ng'ombe. Mchanganyiko ulilowekwa na kukanyagwa kwa siku kadhaa.

Kipimo chake ni rahisi. Paka viraka vidogo ukutani, kila kimoja na kiasi chake cha mchanga, ungoje vikauke. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikiachia vumbi ukikisugua kwa kiganja, ongeza udongo. Kile kisichofanya hivyo ndicho cha kutumia. Tuliziba kila ufa, tukajaza nafasi yote kati ya kuta na paa, tukaweka kizingiti cha mbao chini ya mlango wa mbele. Madirisha yalipata milango mipya ya mbao inayofunga barabara. Dirisha moja la upande wa mashariki tulilipanua na kulitia kioo, ili jua la asubuhi liingie chumbani, na usiku mbao zinafungwa juu ya kioo.

DARI YA MAFUNJO

Kazi iliyoleta badiliko kubwa kwa fedha kidogo ilikuwa dari. Mabondeni kwetu bado kuna mafunjo, na akina mama wanayafuma mikeka minene. Fundi alipigilia fito za mkaratusi kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake tukalaza mikeka miwili miwili. Kati ya mikeka na bati pakabaki hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia ni blanketi. Matone ya alfajiri yakaacha kuanguka vitandani.

Lakini mafunjo makavu ni kuni. Usiweke dari ya namna hii jikoni, wala usitundike kibatari chini yake.

USIKU ULE

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kulificha.

Nyufa zilikuwa zimekwisha kuzibwa na dari ya vyumba vya kulala ilikuwa tayari. Jiko jipya lilikuwa bado. Ilinyesha mvua ya baridi tangu mchana. Mama watoto akafanya kama alivyofanya siku zote: akawasha sigiri nje, akangoja makaa yawe mekundu, akaiingiza chumbani kwa watoto. Mimi nilimwona. Nilifurahi kwamba safari hii joto halitapotea.

Katikati ya usiku nilisikia mjukuu wa pili akilia kwamba kichwa kinamuuma. Kisha akatapika. Niliinuka kwenda kwake, na nilipoingia chumbani mle miguu ikawa mizito kama ya mlevi. Hapo ndipo nilipokumbuka kazini: hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia ndani ya tanuru au bomba la moshi kabla hewa haijasafishwa, hata kama haoni moshi. Nilipiga mlango teke, nikafungua madirisha, nikapiga kelele. Tuliwabeba watoto wote nje kwenye mvua. Yule mdogo hakuamka upesi. Tulimwita kwa jina lake, tukampangusa uso kwa maji ya mvua, mpaka akafumbua macho.

Alfajiri watu wa engozi, walewale waliochimba mtaro, walimbeba kwa machela hadi kituo cha afya. Wote walipona. Mganga hakutugombeza. Alituambia tu kwamba familia nyingine hazipati mtoto anayelia.

Kosa halikuwa la mama watoto. Yeye alifanya alivyozoea. Nyumba ya zamani ilikuwa na matundu kila mahali, na upepo uleule uliotuumiza ndio uliokuwa ukiondoa sumu. Mimi ndiye niliyeziba matundu bila kusema neno.

Kila mfanyakazi aelewe jambo hili. Makaa yanapoungua kwa hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Moshi ukiisha, gesi hiyo haijaisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa pia. Ikiingia mapafuni hushika damu mahali pa oksijeni, na mwili hukosa pumzi huku kifua kikipumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hawezi kuzihisi, hupitiliza usingizini. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa usiku mmoja, usifikiri malaria kwanza. Fungua mlango, watoe nje, kisha uwapeleke hospitali.

JIKO NDANI YA UKUTA

Baada ya usiku huo tuliweka sheria mbili. Ya kwanza: makaa hayaingii chumba cha kulala, hata kwa dakika moja. Ya pili: kila chumba cha kulala kina tundu la ukubwa wa tofali karibu na dari, upande usio na upepo, lenye wavu wa panya, na tundu hilo halizibwi kamwe. Linapoteza joto kidogo, nami nimekubali hasara hiyo. Mchana madirisha yote yanafunguliwa, kwani chumba kilichofungwa siku nzima hutunza pia kifua kikuu na ukungu.

Joto tulilitafuta kwa njia nyingine. Jiko lilikuwa limepakana na chumba cha watoto. Fundi alibomoa sehemu ya ukuta wa katikati, akaijenga upya kwa matofali ya kuchoma, na upande wa jikoni akajenga jiko la matofali lililoegemea ukuta huo, na bomba la moshi likipanda hadi juu kuliko mgongo wa paa. Ukuta wenyewe hauna ufa hata mmoja, na fundi alipaka pande zote mbili ili moshi usipenye. Mikeka ya dari ilikatwa mbali na bomba zaidi ya nusu mita, na mahali linapopita paani pakazungushiwa bati.

Mama watoto anapika chakula cha jioni, matofali yanakunywa joto, na usiku, moto ukiwa umezimika, ukuta unalirudisha polepole upande wa watoto. Urusi, kwenye baridi inayoua, watu wa vijijini walijenga majiko makubwa ya matofali kwa akili hiyohiyo. Na moshi uliokuwa ukiwachoma macho wapishi na kuwaharibia watoto vifua sasa unatoka nje. Bomba tunalisafisha masizi kabla ya kila msimu wa mvua.

HESABU

Tulichonunua ni saruji, nailoni, mabati machache, mbao za madirisha, kioo kimoja, matofali, misumari na mikeka. Udongo, mawe, fito na nyasi vilikuwa vyetu. Fundi alilipwa, majirani walipikiwa. Sehemu kubwa ya akiba yangu bado ipo, na imetununulia ng'ombe wa maziwa.

Kama mwenzangu hana fedha za kufanya yote, afuate mpango huu: mtaro kwanza, kwa kuwa unataka jembe tu, halafu dari, halafu nyufa pamoja na tundu la hewa, siku ileile, halafu jiko lenye bomba. Asizibe nyufa leo akasema tundu la hewa litakuja mwezi ujao.

NA NYUMBA ZA KAMBI?

Mwenzetu anayeishi katika nyumba ya mwajiri atauliza: mimi nitengeneze nyumba isiyo yangu? Nyumba hiyo si ya kutengeneza kwa mshahara wako. Ni ya kudai kupitia chama.

Mkataba Na. 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unahusu wafanyakazi wa mashamba makubwa, na una sehemu nzima juu ya nyumba: vifaa vya ujenzi, ukubwa, hewa, mahali pa kupikia, maji na vyoo. Pendekezo Na. 115 la mwaka 1961, juu ya nyumba za wafanyakazi, linataja waziwazi kinga dhidi ya joto, baridi, unyevu na moto. Kwa hiyo mfanyakazi anayelalamikia ukuta wenye maji haombi anasa.

Wajumbe wa matawi wanaweza kuanza kwa kazi ndogo. Baada ya mvua moja kubwa, pita nyumba kwa nyumba na daftari. Andika wapi ukuta umelowa, wapi paa linavuja, wapi hakuna jiko la nje, na wapi watu wanalala na sigiri. Daftari hilo lipelekwe kwenye mkutano na mwajiri. Malalamiko ya mdomo hupotea, lakini orodha ya nyumba 40 yenye namba za milango haipotei.

Neno moja la tahadhari. Kambi nyingine za zamani zimeezekwa kwa asbesto, na hata mabomba ya mvuke niliyoyasema yalifungwa kwa asbesto siku za nyuma. Vumbi lake likivutwa huleta magonjwa ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Usilikate paa hilo, usilitoboe, usilivunje ili kupitisha bomba la moshi. Mwambie mjumbe wa chama, na kazi hiyo ifanywe na watu waliofundishwa na wenye vifaa.

Ndugu, leo koti langu limetundikwa msumarini. Kikohozi cha mjukuu kimepungua. Mafuta ya kupikia asubuhi yanamiminika, na mama watoto hupenda kuwaonyesha wageni chupa hiyo kabla ya kuwaonyesha ukuta. Lakini kila jioni, kabla ya kulala, mimi mwenyewe ninapita vyumbani na kuinua mkono kwenye yale matundu mawili, nihisi kama hewa inapita. Nawe ukitengeneza nyumba yako, fanya hivyo.